Ngome ya Eleutherai: mawe yalilinda nini?

Katika majira ya baridi ya mwaka 378 KK, mfalme Kleombrotos wa Sparta alifika na jeshi lake chini ya mlima Kithairon, akielekea Thebes. Njia moja ilipita Eleutherai, nayo haikupitika: Chabrias, jemadari wa Athene, alikuwa ameikalia na askari wake wepesi. Kleombrotos hakushindana naye. Aliongoza jeshi kwa njia nyingine, ile inayopanda kuelekea Plataea. Kileleni alikuta watu wapatao 150 wakilinda. Walikuwa wafungwa waliofunguliwa Thebes ilipojikomboa mikononi mwa Wasparta, wakapewa silaha na kupelekwa mlimani. Xenophon, aliyetuandikia habari hizi, anasema waliuawa wote, isipokuwa labda mmoja wawili waliotoroka.

Kila ninaposoma mjadala kuhusu ngome za mipakani za Ugiriki ya kale, narudi kwenye kisa hiki, kwa sababu pande zote mbili zinaweza kukidai. Mmoja atasema: tazameni, njia iliyolindwa ilifungika bila hata mshale mmoja kurushwa. Mwingine atajibu: ndiyo, mlango mmoja ulifungwa, adui akaingia kwa mwingine, na gharama wakailipa wafungwa 150 ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Wagiriki wenyewe waliziita njia za namna hii milango. Thermopylae maana yake ni milango ya maji moto. Nasi katika Kiswahili tunao mlango wa bahari, kwa hiyo nitasema mlango wa mlima bila kuogopa. Mlango wa Eleutherai ndio ulioiunganisha Attica, nchi ya Athene, na Boeotia, nchi iliyotawaliwa na Thebes. Barabara ya zamani ya kutoka Elefsina (Eleusis ya kale) kwenda Thiva (Thebes) bado inapita hapo. Ukiinua macho unaiona ngome juu ya kilima, na jina ambalo wenyeji wameipa ni Gyftokastro. Urefu wake ni takriban mita 300 na upana kama 100. Upande wa kaskazini ukuta umesimama vizuri mno, mawe ya chokaa yaliyochongwa na kupangwa safu kwa safu bila saruji, pamoja na minara ambayo baadhi yake ina madirisha ghorofani. Wapo wanaoamini kwamba madirisha hayo yalitengenezwa kwa ajili ya mitambo ya kurushia mishale, silaha iliyokuwa mpya wakati huo. Wataalamu wengi wanaiweka ngome hii katika karne ya 4 KK, ingawa ndani yake kuna mabaki ya jengo la zamani zaidi.

Kabla ya kuuliza kama ngome ilifaa, ni vyema kuuliza ni kitu gani kilichopita hapo. Jibu la kwanza ni chakula. Mwaka 479 KK, Wagiriki walipokuwa wamepiga kambi mbele ya Waajemi huko Plataea, wapanda farasi wa Mardonius, jemadari wa Waajemi, walitumwa usiku kwenye mlango wa Kithairon ambao Waathene waliuita Vichwa vya Mialoni na watu wa Boeotia wakauita Vichwa Vitatu. Walinasa msafara wa wanyama 500 waliobeba chakula kutoka Peloponnese. Herodotus anasema waliwachinja wanyama na watu bila huruma mpaka wakachoka. Wengi wanaamini mlango huo ni huu huu wa chini ya Eleutherai, au ulio jirani yake. Hakukuwa na ngome ya kuwalinda wale wachunga punda.

Hoja ya wanaotetea ngome inaanzia kwenye chakula pia, na ina uzito. Vita vya Athene na Sparta vilipoanza mwaka 431 KK, Pericles, kiongozi wa Athene, aliwashauri wananchi wake waache mashamba, wahamie ndani ya kuta za jiji, na wategemee meli. Kwa mahesabu ya vita ulikuwa ushauri wa busara. Kwa mkulima aliyesimama juu ya ukuta akitazama moshi ukipanda kutoka shambani kwake, ulikuwa jambo jingine. Mwaka uliofuata tauni ikaingia katika jiji lililojaa kupita kiasi. Kisha mwaka 413 Wasparta wakajenga ngome yao wenyewe Dekeleia, ndani ya Attica, wakakaa mwaka mzima badala ya kuja msimu wa mavuno na kuondoka. Thucydides, mwanahistoria wa vita hivyo, anaandika kwamba watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka, wengi wao mafundi, na mifugo yote ikapotea. Chakula kilichokuwa kikija kwa njia fupi ya nchi kavu kutoka Euboea kikalazimika kuzunguka kwa bahari, kwa gharama kubwa.

Watu waliopitia hayo, wanasema watetezi, hawangekubali tena kuiacha nchi yao iliwe na adui. Mwanahistoria Josiah Ober ndiye aliyeisimamia hoja hii kwa nguvu zaidi, mwaka 1985: kwamba katika karne ya 4 Athene ilibadili fikra, ikaamua kumzuia adui mlangoni asiingie kabisa, na kwamba Eleutherai, Phyle, Panakton na nyingine ni viungo vya mpango mmoja. Mlinzi anamwona adui, anatoa ishara, ngome inamchelewesha, jeshi linapata muda wa kufika.

Muda ndio neno la kushika hapa. Mwaka 431 Archidamus wa Sparta alianza uvamizi wake kwa kuizingira Oinoe, ngome ya Athene iliyo karibu na Eleutherai. Alileta mitambo, akajaribu kila njia, akashindwa, na hatimaye akaiacha na kusonga mbele. Ukisoma haraka utasema ngome haikufaa kitu, maana adui aliingia hata hivyo, na nafaka ilikuwa imeiva. Lakini Thucydides anaeleza kwamba siku zile za kuchelewa ndizo Waathene walizozitumia kuhamisha mali zao, na kwamba askari wa Archidamus walimlaumu vikali kwa hilo. Oinoe haikumzuia adui, ila iliokoa vyombo, mifugo na watu. Sijui kwa nini jambo hili linapewa mistari michache tu katika mijadala mingi. Kwa mama aliyekuwa akifunga mizigo yake shambani, siku hizo chache ndizo zilizokuwa vita vyenyewe.

Kuna pia Phyle. Katika majira ya baridi ya 404 kuamkia 403 KK, Athene ikiwa chini ya utawala wa kikatili wa watu 30 waliowekwa kwa msaada wa Sparta, Thrasyboulos alitoka Thebes, alikokuwa mkimbizi, akiwa na wenzake wapatao 70. Wakaikalia Phyle, mahali imara juu ya mlima Parnes. Watawala wale wakaja na jeshi lao na wapanda farasi. Shambulio la kwanza likashindwa. Wakapanga kuwazingira, lakini theluji ikaanguka usiku kucha na siku iliyofuata, wakarudi mjini, huku watu wa Phyle wakiwanyang'anya wabeba mizigo wao njiani. Wale 70 wakawa 700. Alfajiri moja wakashuka wakaua zaidi ya askari 120 wa kikosi kilichotumwa kuwachunga. Baada ya hapo wakateremka Piraeus, na mwaka 403 demokrasia ikarudi Athene. Kuta tunazoziona Phyle leo hudhaniwa kuwa za baadaye kidogo. Mlima, hata hivyo, ni ule ule, na ulikuwa umeshaonyesha kwamba watu wachache wakikaa mahali pazuri wanaweza kuwashinda wengi.

Watetezi wana haki ya kukitaja kisa hicho, lakini ningewaomba wakitaje chote. Phyle haikumzuia mvamizi kutoka nje. Iliwahifadhi raia waliofukuzwa, dhidi ya serikali ya jiji lao wenyewe, na walikuja kutoka Thebes, upande ule ambao ngome za mpakani zilitakiwa kuuogopa.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nafasi ya kusema, nao hauhitaji kutafuta mifano mbali. Panakton, ngome ya Athene mpakani, iliangukia mikononi mwa watu wa Boeotia mwaka 422 KK kwa usaliti. Oinoe, ile iliyomshinda Archidamus na mitambo yake yote, ilianguka mwaka 411 kwa sentensi moja. Serikali ya watu 400 ilikuwa inaporomoka Athene. Aristarchus, mmoja wa viongozi wake, alikimbilia Oinoe, iliyokuwa imezingirwa wakati huo, akawaambia walinzi kwamba Athene imefanya mapatano na Sparta, na kwamba moja ya masharti ni kuikabidhi ngome hii kwa Boeotia. Walimwamini. Alikuwa jemadari wao, na wao, wakiwa wamezingirwa, hawakuwa na habari za mjini. Wakatoka. Ukuta ulikuwa mzima, milango ilikuwa mizima, na kilichovunjika ni kitu ambacho fundi wa mawe hawezi kukijenga.

Na walinzi wenyewe walikuwa watu wa namna gani? Katikati ya karne ya 4, kijana mmoja aitwaye Ariston alimshtaki mtu aitwaye Konon kwa kumpiga, na hotuba aliyoandikiwa na Demosthenes imebaki. Ariston anaanza na zamu yao ya ulinzi Panakton. Wana wa Konon, anasema, walikuwa wakianza kunywa mara tu baada ya chakula cha mchana na kuendelea siku nzima. Waliwapiga watumwa wa wenzao, wakawamwagia mikojo ya vyomboni. Hayo ni maneno ya upande mmoja wa kesi, lakini alikuwa akiyasema mbele ya mahakimu ambao wengi wao walizijua kambi hizo, na alitarajia wamwamini.

Xenophon naye anatupa mazungumzo ya Socrates na Glaucon, kijana aliyetaka uongozi kabla ya kuijua kazi. Anaulizwa kuhusu vituo vya ulinzi. Anajibu kwamba yeye angeviondoa vyote, kwa sababu vinalinda vibaya hata mali inaibwa mashambani. Socrates anamuuliza: ukiviondoa, si kila atakaye atapora waziwazi? Halafu anaongeza swali ambalo ningependa kila mchambuzi wa mambo ya ulinzi aulizwe: umekwenda kuviona kwa macho yako, au unakisia? Kijana alikuwa anakisia.

Pigo kubwa zaidi kwa hoja ya mpango mmoja linatoka katika mwaka ule ule tulioanzia. Miezi michache baada ya Kleombrotos kupita, Sphodrias, Msparta aliyekuwa akishikilia Thespiae, aliondoka jioni na jeshi akitaka kufika bandari ya Piraeus kabla ya mapambazuko. Alfajiri ilimkuta Thria, katika tambarare ya Eleusis, ndani kabisa ya Attica. Akageuka, akaiba mifugo na kupora nyumba, akarudi. Mlango uliokuwa umefungwa na Chabrias majira ya baridi haukumzuia mtu huyu usiku ule. Je, Waathene walijibu kwa kujenga mlimani? Xenophon anasema waliweka milango kwenye kuta za Piraeus, wakaunda meli, na wakawasaidia watu wa Boeotia kwa moyo wote. Ndiyo maana wanahistoria kama Phillip Harding walikataa kwamba Athene ilijifungia katika fikra za kujihami, na Mark Munn akazieleza kazi za ulinzi za miaka hiyo, ukiwemo ukuta wa Dema wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4 kati ya milima ya Parnes na Aigaleo, kama majibu ya vita mahususi.

Mimi nawaunga mkono hao wa pili katika jambo moja: jiji lililoamini kwamba mawe yatalinda halipeleki watu wake mbali. Mwaka 352 KK, Philip wa Makedonia aliposogea kuelekea Thermopylae, Waathene walituma jeshi upesi, likaukalia mlango ule, naye akarudi nyuma bila vita. Mwaka 338 walikwenda kumkabili huko Chaeronea, mji wa Boeotia, wakiwa bega kwa bega na Thebes, adui wa jana. Walishindwa huko, na ngome za Kithairon na Parnes hazikuwa na la kuamua. Baadaye zikawa mzigo: Cassander, mtawala wa Makedonia, aliweka walinzi wake Phyle na Panakton, hadi mpinzani wake Demetrius alipozitwaa mwaka 304 na kuwarudishia Waathene. Ngome humlinda yule aliye ndani yake, awe mwenye nchi au mvamizi.

Wazee wa falsafa walikuwa wameshayagombania haya. Plato, katika kitabu chake cha sheria, anataka kuta zilale ardhini kama zilivyolala Sparta. Ukuta, anasema, huilegeza roho ya wanaokaa nyuma yake, wakadhani usalama hupatikana kwa kulala usingizi ndani ya boma. Ila mtu huyo huyo anataka vijana watumwe kila mwaka mashambani kuchimba mahandaki na kujenga vizuizi ili adui asivuke mpaka. Aristotle anamjibu kwamba wanaokataa kuta kwa kujivunia ushujaa wana mawazo ya kizamani, hasa sasa ambapo mitambo ya vita imekuwa sahihi kiasi kile. Nadhani kila mmoja ameshika nusu. Aristotle ameelewa silaha. Plato ameelewa usingizi.

Jambo moja linanizuia kuhukumu haraka: hata mjenzi wa Eleutherai anabishaniwa. Wapo wanaosema ni Athene. Wengine, wakiangalia jinsi mawe yalivyochongwa na kuyalinganisha na kazi za Boeotia na kuta za Messene zilizojengwa wakati wa Epaminondas, jemadari wa Thebes, wanasema ni Thebes. Kama hao wa pili wako sahihi, basi ngome inayotajwa kila mara kama mlinzi wa Athene ilijengwa ili kuilinda nchi ya pili dhidi ya Athene. Ukuta wenyewe hausemi. Pausanias, msafiri Mgiriki aliyepita hapo karne ya 2 BK, anasema Eleutherai hapo awali ilikuwa ya Boeotia, na watu wake walijiunga na Athene bila kulazimishwa kwa vita, kwa sababu waliutamani uraia wa Athene na waliichukia Thebes. Mungu wao Dionysos alikwenda nao. Sanamu yake ya kale ya mti ilipelekwa Athene, na ni kwa heshima ya Dionysos wa Eleutherai kwamba michezo ya kuigiza ilichezwa chini ya Akropolis. Mpaka ulisogezwa na chuki na matamanio ya wanakijiji, na jambo hilo halimo katika ramani yoyote ya ngome.

Palikuwa na njia ya tatu pia, na ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 420 KK, watu wa Boeotia walipotakiwa kuirudisha Panakton, waliibomoa kwanza. Sababu waliyoitoa, kwa mujibu wa Thucydides, ni kwamba zamani, baada ya ugomvi kuhusu mahali hapo, pande mbili ziliapa kwamba hakuna atakayepakalia, bali wote watapachungia mifugo kwa pamoja. Sophocles naye, katika mchezo wake wa Oedipus, anawaweka mchungaji wa Thebes na mchungaji wa Korintho juu ya Kithairon hiyo hiyo, wakichunga jirani kwa miezi sita kila mwaka, misimu mitatu. Mlima huu ulikuwa malisho kabla ya kuwa mpaka.

Singependa kukifanya kiapo hicho kuwa kizuri kuliko kilivyokuwa. Kilikuwa kimevunjwa tayari, maana Panakton ilijengwa. Waliokikumbuka walikikumbuka wakiwa wameshika nyundo, na Waathene, waliotarajia ngome wakapewa kifusi, walikasirika kiasi kwamba muda si mrefu wakafanya muungano na Argos dhidi ya matakwa ya Sparta. Kiapo kisicho na wa kukilinda hakikudumu mlimani. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu waliojenga. Mtu aliyeona Dekeleia, au aliyesikia kutoka kwa baba yake, alikuwa na haki ya kutaka siku tatu au nne za kuhamisha watoto na ng'ombe, na Oinoe ilionyesha kwamba ukuta mzuri wenye watu waaminifu unaweza kuzinunua. Kosa langekuwa kudai zaidi ya hapo, na sioni ushahidi wa kutosha kwamba Athene ilidai.

Kila mwaka vijana wa Athene walipofikia umri walisajiliwa, na katika mwaka wao wa pili, anasema Aristotle, walipewa ngao na mkuki, wakaenda kuzunguka nchi na kukaa katika vituo vya ulinzi. Kiapo chao kimebaki kwenye bamba la jiwe la karne ya 4 lililopatikana Acharnai, huko Attica. Wanaapa kutozivunjia heshima silaha zao, kutomwacha mwenzao katika safu, na kuwaachia watakaofuata nchi isiyopungua. Mwishoni wanawataja mashahidi: miungu kadhaa, kisha mipaka ya nchi yao, ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni na mitini. Ngome haikutajwa.